UZI: Povidoni ayodini (ile dawa ya kahawia ya vidonda) – asilimia, muda wa kuiacha, na mahali isipofaa

Kabatidawa #1

Wakuu, salaam.

Chupa hii ya kahawia ipo kwenye kisanduku cha basi, ofisi ya mwalimu, gereji na kabati la sebuleni. Duka la dawa wanaiuza bila cheti. Ila ukimuuliza mnunuzi anataka ya asilimia ngapi, jibu ni "ile ya vidonda". Tuiweke sawa humu. Walio thieta, maabara na mifugo, karibuni mjazie na msahihishe.

Ayodini ndiyo madini joto yale yale yanayowekwa kwenye chumvi. Mfaransa Bernard Courtois aliipata mwaka 1811 kwenye majivu ya mwani. Kwa zaidi ya miaka mia ilipakwa ikiwa imeyeyushwa kwenye spiriti. Iliua vijidudu vizuri, lakini ilichoma na kubabua ngozi. Mwaka 1955 huko Marekani, H. A. Shelanski na M. V. Shelanski waliifunga ayodini kwenye polima iitwayo povidoni. Polima hiyo huiachia ayodini kidogo kidogo, kwa hiyo haichomi kama ile ya zamani, na kwa kuwa inayeyuka kwenye maji, inasuuzika. Betadine ni jina la kibiashara tu. Kopo la kampuni nyingine lenye asilimia ile ile ni dawa ile ile.

Sasa hesabu. Povidoni ayodini ya 10% inatoa ayodini 1%, maana yake kila ml 1 ina miligramu 10 za ayodini. Mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni mikrogramu 150 tu. Ml moja ina zaidi ya mara 60 ya hapo. Kumbukeni namba hiyo tukifika kwa watoto wachanga.

Dukani utakuta:

– Maji ya 10%, ndiyo ya kawaida, kwa ngozi.
– Skrabu ya 7.5%, ina sabuni ndani, ya kunawia mikono kabla ya upasuaji na kuosha ngozi nzima. Isiingie kwenye jeraha, jicho, mdomo wala ukeni. Inatoa povu ukiitikisa, ndivyo utakavyoitambua lebo ikifutika.
– Marhamu ya 10%.
– Ya kusukutulia, mara nyingi 1%.
– Ya macho, 5%, tasa (haina kijidudu chochote). Hii ni ya hospitali.

Kwa jeraha dogo la nyumbani, dawa hii inakuja mwisho. Nawa mikono kwa sabuni. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 5 hadi 10 bila kuchungulia kila mara. Kisha osha jeraha kwa maji safi yanayotiririka mpaka mchanga utoke wote. Hatua hii ndiyo inayofanya kazi kubwa, na ndiyo inayorukwa. Kausha pembeni. Paka povidoni 10% kwenye ngozi inayolizunguka, kuanzia ukingoni kwenda nje, bila kurudi katikati na pamba ile ile. Kama jeraha lenyewe lilikuwa chafu, mwagia iliyochanganywa hadi 1%, iache dakika 2 hadi 3, suuza. Subiri ngozi ikauke kabisa ndipo ufunge. Bendeji ikifungwa juu ya dawa mbichi ngozi inababuka, halafu mtu anasema "ana aleji".

Jeraha la msumari au lenye udongo na samadi, povidoni haikukingi na pepopunda. Kama chanjo ya mwisho imepita miaka 5, au hukumbuki, nenda kachanjwe.

---

mtoto_wa_kinyerezi #2

Uzi mzuri mkuu. Swali: zahanati nyingi kidonda cha mguu kinasafishwa kwa povidoni nzito kila siku, na gozi linaachwa limelowa dawa. Wewe unasema ndani ya jeraha iwe mara moja tena iliyochanganywa. Tumsikilize nani?

---

NesiThieta #3

Inategemea kidonda kipo hatua gani, ndugu yangu.

Povidoni haichagui. Inaua bakteria, na inadhuru pia chembe hai zinazojenga nyama mpya. Kidonda chenye harufu, usaha au utelezi wa kijani kina cha kuuawa, kwa hiyo faida inazidi hasara. Kidonda chekundu safi, chenye nyama laini ya punjepunje inayopanda, hakina cha kuuawa zaidi ya hiyo nyama yenyewe. Hapo maji ya dripu ya chumvi 0.9% yanatosha. Nyumbani: lita 1 ya maji yaliyochemka na kupoa, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu kilichosawazishwa.

Pili, usaha na damu vinaila ayodini. Ukimwaga dawa juu ya usaha umeumaliza mzigo kabla haujafika kwenye ngozi. Osha kwanza, kwangua utando, ndipo uweke dawa. Rangi inakuambia: gozi likiwa bado la kahawia, ayodini ipo, likigeuka njano hafifu au jeupe, imekwisha, na linalobaki hapo ni kitambaa kilicholowa tu.

Tatu, na hili ndilo linaloumiza wagonjwa kila asubuhi: gozi la povidoni likikauka linagandana na kidonda. Likivutwa linang'oa nyama yote iliyoota usiku. Lilowesheni kwa maji ya chumvi dakika 5 hadi 10 kabla ya kulitoa. Likigoma, ongeza maji, usiongeze nguvu.

Kidonda kinachosafishwa wiki nzima bila mabadiliko si cha kuongezewa dawa ya kahawia. Kitafutiwe sababu: sukari, mzunguko mbaya wa damu, mfupa ulioingia maambukizi, kifua kikuu cha ngozi, saratani. Mtu wa kisukari mwenye kidonda cha unyayo asijitibu nyumbani hata siku mbili.

---

jogoo_la_shamba #4

Hapo kwenye kuchanganya ndipo mnaponichanganya. Kitu cha 10% nikikishusha hadi 1% si nimekipunguza nguvu mara kumi? Mimi naona watu wanachakachua tu ili chupa idumu.

---

Kabatidawa #5

Hoja yako ina mantiki, ila kemia ya hii dawa imekaa kinyume na dawa nyingine.

Kinachoua ni ayodini huru. Ile iliyoshikwa na polima haiui, inangoja. Kwenye 10% polima ni nyingi na imeibana ayodini yake, kwa hiyo iliyo huru ni kidogo sana. Ukiongeza maji mshiko unalegea na iliyo huru inapanda, mpaka inafika kilele karibu na 0.1%. Ukipita hapo inashuka tena. Watafiti wa Marekani walilionyesha hili mwaka 1982: kwenye maabara, povidoni iliyochanganywa iliua bakteria haraka kuliko ile ya kutoka chupani.

Sasa usikimbilie kuchanganya kila kitu. Fikiria fedha ya mfukoni na ya kibubu. Ile ya 10% ina kidogo mfukoni lakini kibubu kimejaa, kila inapotumika inajazwa. Ya 0.1% ina nyingi mfukoni na kibubu kitupu. Ikikutana na damu, jasho, mafuta ya ngozi au usaha, imefilisika. Ndiyo maana ngozi inapakwa 10%, na jeraha lililokwisha kuoshwa ndilo linalowekwa iliyochanganywa.

Vipimo, kuanzia 10%:

1% – ml 10 za dawa, ml 90 za maji ya dripu.
0.35% – toa ml 17.5 kwenye chupa ya dripu ya ml 500, weka ml 17.5 za dawa. Hii ni ya wapasuaji wa mifupa na viungo bandia, wanaiacha dakika 3 kabla ya kufunga, kisha wanasuuza.

Changanya ya kutumia leo tu. Inayobaki kesho imwagwe. Na kwa anayedhani dawa ya kuua vijidudu haiwezi kubeba vijidudu: mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Marekani walikuta bakteria wa jamii ya Pseudomonas wakiishi ndani ya chupa za povidoni zilizotoka kiwandani. Usijaze chupa ndogo ya jana kutoka kwenye galoni. Osha, kausha, ndipo ujaze, na uandike tarehe.

---

jogoo_la_shamba #6

Nimekuelewa. Kibubu kimenifungua.

Na mbwa akiuma? Mtaani wanapaka mafuta ya taa, wengine pilipili.

---

Tabibu_wa_Kata #7

Mafuta ya taa, pilipili, kahawa, tumbaku, vyote weka pembeni. Vinaongeza jeraha na vinapoteza muda.

Mbwa, paka, mbweha au nyani akiuma au akikwaruza: osha kwa maji mengi na sabuni dakika 15 kamili, ukiangalia saa. Sabuni inavunja ganda la kirusi cha kichaa cha mbwa. Jeraha likiwa la tundu refu la meno, liminye maji yaingie ndani na kutoka. Kisha paka povidoni 10%. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaitaja kwa jina kwenye hatua hii kwa sababu inaua virusi. Usishone na usifunge kwa kubana. Halafu siku hiyo hiyo nenda kwenye kituo chenye chanjo ya kichaa cha mbwa. Jeraha likiwa limetoa damu, uliza na sindano ya kinga ya moja kwa moja inayochomwa ndani na kuzunguka jeraha. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza hakuna dawa, kwa hiyo povidoni hapo ni nyongeza ya chanjo, haichukui nafasi yake.

Nikiwa hapa hapa, niyataje mambo ambayo chupa hii inabebeshwa bure. Jipu: dawa haipenyi hadi kwenye usaha, jipu linapasuliwa na kukamuliwa. Mapunye ya kichwani: fangasi wapo ndani ya unywele, panahitajika griseofulvini ya kunywa kwa wiki kadhaa. Moto: mtu akiungua, kwanza maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, na ungua kubwa lisipakwe povidoni, kwa sababu ngozi iliyoungua inafyonza ayodini nyingi hadi kufika kwenye figo na tezi ya shingo. Sikio linalotoa usaha: kama ngoma ya sikio ina tundu unaweza kuharibu usikivu, usijidondoshee.

---

bi_mkora #8

Naomba kuuliza kwa niaba ya wazazi. Kitovu cha mtoto mchanga, je, kinapakwa hii? Na aliyejifungua kwa upasuaji, wifi zake wanamwambia apake kila akioga mpaka arobaini iishe.

---

Mkunga_Pwani #9

Bi mkora, kitovu hapana.

Rudi kwenye hesabu ya Kabatidawa. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba, ayodini inapita, na tezi yake ya shingo ikizidiwa inazima kwa muda. Homoni za tezi hiyo ndizo zinazojenga ubongo wa mtoto. Aliyezaliwa kabla ya wakati au chini ya kilo 1.5 ndiye aliye hatarini zaidi. Kitovu kiachwe kikavu na safi, nepi ikunjwe chini yake. Kwa maeneo ambako watu wamezoea kupaka kitovuni vitu vya kienyeji vyenye madhara, kama samadi, dawa inayopendekezwa na WHO ni klorheksidini diglukoneti 7.1% ya kitovu, kila siku kwa wiki ya kwanza. Hiyo nayo isikaribie macho hata kidogo, inapofusha.

Kuhusu macho kuna habari ya Afrika Mashariki kabisa. Mwaka 1995 ulitoka utafiti uliofanyika Kikuyu, Kenya, kwa watoto wachanga zaidi ya 3,000. Matone ya povidoni 2.5% mara tu baada ya kuzaliwa yalikinga macho vizuri kuliko silva naitreti na marhamu ya erithromaisini, na bei yake ni ndogo. Lakini hiyo ni dawa tasa iliyoandaliwa kwa ajili ya jicho, tone moja, mara moja. Mtu asichukue chupa ya dukani akachanganya na maji akamdondoshea mtoto.

Mama aliyefanyiwa upasuaji: kidonda kilichofungwa na kukauka kinataka maji, sabuni ya kawaida na kukaushwa vizuri, basi. Akipaka povidoni kila siku kwa wiki sita, ayodini inaingia kwenye maziwa, na maziwa huikusanya kuliko damu, inamfikia mtoto. Vivyo hivyo kwa wanaokaa kwenye beseni la maji yenye povidoni baada ya kuongezewa njia, na wanaopaka kwenye chuchu zilizopasuka. Acheni.

Ila kuna mahali mjamzito anawekewa na ni sahihi: kusafishwa ukeni muda mfupi kabla ya upasuaji wa uzazi. WHO inapendekeza, kwani inapunguza maambukizi ya mfuko wa uzazi. Ni mara moja, na ni ile ya maji. Skrabu yenye sabuni hapana!

---

Kabatidawa #10

Niongezee kwa Mkunga. Watu wengine wa kuikwepa, au kuitumia mara moja tu kwenye eneo dogo: mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo, goita ikiwemo, anayetumia lithiamu, mwenye figo zilizochoka akiwa na vidonda vikubwa, na aliyepangiwa kipimo au tiba ya ayodini ya mnururisho (yenye mionzi), kama inayotolewa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Huyu wa mwisho akipaka povidoni kwenye vidonda wiki chache kabla, tezi inakuwa imeshiba, haichukui ile ya tiba, na miadi inaahirishwa. Amwambie daktari hata kama ni ya kusukutulia.

---

kaa_la_mchanga #11

Na wenye aleji ya samaki? Huku visiwani mtu akila kamba au kaa akivimba midomo, hospitali anaandikwa "aleji ya ayodini" na povidoni inafichwa.

---

NesiThieta #12

Hayo mawili hayahusiani, hata kama yanaandikwa hivyo kwenye mafaili mengi. Aleji ya kamba, kaa na kambakochi inatokana na protini ya misuli yao iitwayo tropomayosini. Ayodini ipo kwenye chumvi anayokula huyo mtu kila siku na havimbi. Mtu anaweza kuwa na aleji ya povidoni yenyewe, ni nadra, lakini kula pweza au kaa hakuitabiri.

Kinachoitwa aleji mara nyingi ni ngozi iliyochomwa na dawa iliyotuama. Thieta inatokea sana: dawa inatiririka chini ya mgongo, makalio au chini ya mkanda wa kubana mguu, mgonjwa amelala juu yake saa mbili, anaamka na malengelenge. Tandika kitambaa cha kufyonza pembeni, kiondoe kabla ya kufunika mgonjwa.

Na jambo la muda, kwa wote wanaochoma, kutahiri au kupasua: povidoni ya maji inahitaji angalau dakika 2 na kukauka yenyewe. Usipepee, usifute na gozi kavu ili uharakishe. Ukifuta umeondoa dawa ikiwa kazini. Kama umetumia ile yenye spiriti, kukauka ni lazima kwa sababu nyingine: mashine ya kuchomea mishipa inaweza kuwasha moto, hasa kwenye nywele na kitovuni ambako spiriti inabaki.

---

thieta_namba_mbili #13

Nesi, WHO mwaka 2016 walisema klorheksidini yenye spiriti ndiyo ya kuandalia ngozi. Kwa nini bado tunang'ang'ania povidoni?

---

NesiThieta #14

Ni kweli, na ukiwa nayo itumie. Lakini tafiti nyingi zilizokuwa nyuma ya pendekezo hilo zililinganisha klorheksidini yenye spiriti na povidoni ya maji. Yaani upande mmoja ulikuwa na dawa mbili, mwingine moja. Mwaka 2024 ulitoka utafiti wa hospitali za Uswisi kwa upasuaji wa moyo na tumbo, povidoni yenye spiriti dhidi ya klorheksidini yenye spiriti, na povidoni haikuwa nyuma. Kwa maoni yangu spiriti ilikuwa inabeba sehemu kubwa ya ushindi.

Halafu kuna mahali klorheksidini hairuhusiwi kabisa: machoni, sikio la kati, kwenye ubongo na utando wake. Kabla ya kuondoa mtoto wa jicho, povidoni 5% kwa dakika 3 ndiyo kawaida.

---

Maabara_70 #15

Niweke ya kwetu kwa ufupi.

Damu ya kuotesha (kutafuta bakteria ndani yake): safisha ngozi kwa spiriti 70% kwanza, kisha povidoni, subiri dakika moja na nusu hadi mbili, choma bila kugusa tena mshipa. Ukichoma ikiwa mbichi unaotesha bakteria wa ngozi na mgonjwa anapewa antibayotiki asiyohitaji. Kizibo cha chupa kifute kwa spiriti, ayodini inaweza kuharibu mpira wake.

Damu ya kidoleni: tumia spiriti. Povidoni ikichanganyika na tone la damu inaweza kupandisha kwa uongo potasiamu, fosfeti na asidi ya yuriki. Kwenye mkojo na choo, mabaki yake yanaweza kuleta jibu la uongo kwamba kuna damu. Mama akisafishwa kwa povidoni kabla ya kutoa mkojo wa kupimwa, andikeni kwenye fomu.

---

jogoo_la_shamba #16

Je inaweza kupima kama chumvi ina madini joto? Kule shuleni tulidondoshea kiazi kikawa cheusi.

---

Maabara_70 #17

Hapana, umegeuza. Kiazi kinageuka bluu-nyeusi kwa sababu ayodini imekutana na wanga, na povidoni itafanya hivyo hivyo kwenye ugali au muhogo. Chumvi inawekwa ayodeti, na kipimo chake ni maji ya wanga yenye asidi yanayodondoshwa juu ya chumvi. Ukidondoshea povidoni kwenye chumvi unaona tu rangi ya dawa yako.

---

maziwa_mgando #18

Mifugo sijaiona. Hii ya binadamu naweza kuchovyea chuchu za ng'ombe baada ya kukamua?

---

Afisa_Mifugo #19

Kwa dharura unaweza, kwa kila siku hapana. Dawa ya kuchovya chuchu ina ayodini 0.5% hadi 1%. Ukumbuke povidoni 10% inatoa ayodini 1%, kwa hiyo nguvu zinalingana, msikanganywe na ile "10" ya kwenye lebo. Tofauti ni kwamba ya ng'ombe ina glisirini ya kulainisha. Ya binadamu haina, na baada ya siku kadhaa ngozi ya chuchu inapasuka. Mipasuko hiyo inafuga bakteria wale wale wa ugonjwa wa kiwele unaowakimbia.

Namna ya kuchovya: mara tu baada ya kukamua, chuchu yote izame, isiwe ncha peke yake. Mpe ng'ombe majani mazuri asimame angalau nusu saa, kwa kuwa tundu la chuchu linachukua muda kufunga na akilala kwenye samadi kazi yote imepotea. Dawa iliyobaki kwenye kikombe mwaga, usirudishe kwenye galoni. Kabla ya ukamuaji unaofuata, osha na ufute kila chuchu kwa kitambaa chake, vinginevyo ayodini inaingia kwenye maziwa.

Kitovu cha ndama ni habari nyingine. Kinatakiwa tinkcha ya ayodini ya 7%, ya spiriti, kwa sababu unataka kiue na kikaushe. Chovya kitovu kizima hadi kwenye shina, ndani ya saa ya kwanza, rudia baada ya saa 12. Povidoni ya maji haikaushi. Na hiyo ya 7% isije ikapakwa kwa binadamu, inaunguza.

---

tonge_nyama #20

Koo likiwasha nasukutua na hii hii ya 10% kidogo, nasikia inaua mpaka korona.

---

Kabatidawa #21

Mkuu, nunua ya kusukutulia. Ile ya 1% isukutue hivyo hivyo au nusu kwa nusu na maji, sekunde 30, tema, usimeze. Isizidi siku 14 mfululizo, na mtoto chini ya miaka 6 asipewe kwa kuwa atameza. Aliyeng'oa jino asisukutue chochote saa 24 za kwanza, donge la damu litatoka. Virusi vya korona vinakufa kwenye bomba la maabara, lakini kusukutua hakugusi vilivyo ndani ya mapafu.

Mtoto akinywa ya chupani: usimtapishe. Akiwa macho na anameza vizuri, maziwa au uji mwepesi unaikamata ayodini, kisha hospitali, na chupa yenyewe mkononi.

Na kuchanganya na dawa nyingine: usipake pamoja na haidrojeni peroksaidi, wala krimu ya silva ya vidonda vya moto, wala dawa yoyote yenye zebaki. Zinaharibiana, na ya zebaki inatengeneza kitu kinachounguza ngozi. GV (ile dawa ya zambarau) juu ya povidoni haiongezi kitu, inaficha tu kidonda usione kama kimeiva.

---

mtoto_wa_kinyerezi #22

La mwisho kwangu: shuka jeupe limemwagikiwa. Jiki imefanya nini, sijui, bado doa lipo.

---

Dobi_Magomeni #23

Usianze na Jiki. Doa likiwa bichi, maji baridi na sabuni yanatosha, kwa kuwa hii dawa inayeyuka kwenye maji. Likikauka, ponda kidonge kimoja cha vitamini C cha miligramu 500 kwenye nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, mwagia kwenye doa. Kahawia inapotea ukiwa unatazama, kwani vitamini C inaigeuza ayodini kuwa ayodaidi isiyo na rangi. Suuza, kisha fua kama kawaida. Kama uliweka Jiki, suuza iishe kwanza, la sivyo inaila hiyo vitamini kabla haijafika kwenye doa.

Shuka lililotiwa wanga wa kunyooshea litatoa doa la bluu-nyeusi badala ya kahawia. Usishtuke, ni ule mchezo wa kiazi hapo juu, na vitamini C inaliondoa vilevile, ila rudia mara mbili. Kidonge kiwe cheupe. Vile vya rangi ya machungwa vinaacha doa lake.